Kijana mwenye nguvu akianguka, tusikimbilie mulango wa jirani

Nyumba ya ule muzee waliibomoa asubuhi, mbele jua haijakuwa kali. Walibeba mabati, walibeba milango, hata sufuria ya bukari walibeba. Yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kukimbia usiku pamoja na bibi yake. Kosa lake ni hili: siku tatu mbele, mutoto wa dada yake, kijana wa miaka 23, alianguka njiani na gunia ya madini ku mabega, na hakuamuka tena. Hakuna jiwe lilimupiga. Shimo halikubomoka. Hakukuwa moshi, hakukuwa gazi. Alikuwa inje, mu hewa safi, anapandisha mulima na wenzake. Asubuhi ile alikula, alicheka na watu. Mutu wa mwili kama ule anakufa vile namna gani? Matanga ikajijibu yenyewe: «Balimukula.» Na mwenye kumukula akapatikana mbio, kwa sababu muzee na kijana walikuwa wamegombana juu ya deni ya falanga kidogo.

Sitataja fasi wala majina. Wenye walikuwa pale wanajua, na wenye hawakuwa pale waliona ingine ya namna ile kwao.

Mimi ni muuguzi. Nilitumika kwanza ku kampuni moja, kisha ku dispansere ya kartie, leo nilishaacha kazi. Ninaandika haya kwa sababu ule kijana nilimujua, na nitasema mbele kidogo namna gani nilimujua. Maoni yangu yatakasirisha watu wa pande mbili, jamaa na wakubwa wa kazi. Ninasema: mutu kijana akikufa gafula mu kazi ya nguvu, kitu cha kwanza cha kuuliza ni moyo wake. Na kijana akizimia mu kazi ya nguvu, kisha akaamuka, huyu tumuulize sasa, angali muzima.

Wengi tunafikiri moyo hauwezi kukosa damu, kwa kuwa umejaa damu. Basi muangalie motopompe yenye inatoa maji mu shimo. Maji inapita ndani yake usiku na muchana, lakini maji haiko chakula ya motere. Motere inakula mazutu, na mazutu inapita mu katuyo kadogo pembeni. Ukikunja kale katuyo, pompe inazima, hata kama shimo imejaa maji mpaka juu. Moyo ni vile vile. Damu yenye inapita mu vyumba vyake hailishi nyama yake. Nyama ya moyo inakunywa kwa mishipa miwili midogo, mumoja wa kuume na mumoja wa kushoto, yenye inatoka ku mushipa mukubwa wa damu, aorta, palepale kwenye aorta inaanzia. Wanganga wanaiita koronari, kwa neno la Kilatini la taji, kwa sababu inazunguka moyo sawa taji ku kichwa. Ule wa kushoto, ku mwanzo wake, upana wake ni milimetre 4 hivi. Upime ile ku rula ya mutoto wa masomo, utaona maisha yetu yanapita mu tundu gani.

Mutu akikaa kimya, mishipa ile inapitisha karibu robo litre ya damu kwa dakika. Akipandisha mulima na gunia, moyo unaomba mara nne ya ile ao zaidi. Na kuna jambo lingine, lenye hata mimi nilichelewa kulielewa: upande wa kushoto wa moyo, wenye kufanya kazi kubwa, unakunywa zaidi wakati moyo unapumuzika, kati ya pigo na pigo. Kazi ikikaza, mapigo yanafuatana mbio na ule wakati wa kupumuzika unapunguka. Kwa hiyo palepale moyo unaomba damu mingi, palepale wakati wake wa kunywa unakuwa mufupi. Mutu mwenye mishipa yake iko fasi yake anaweza ile bila hata kujua. Mishipa inapanuka, kazi inaendelea.

Lakini hatukuumbwa wote kwa mupango mumoja. Kuna watu wenye mushipa mumoja wa moyo unatoka fasi haikupaswa kutoka, ao mishipa yote miwili inatoka upande mumoja, ao mumoja hauko kabisa. Wanazaliwa vile. Mwaka 1990 wanganga wa Cleveland, kule Marekani, walitoa hesabu ya watu zaidi ya 126.000 wenye walipigwa picha ya mishipa ya moyo: wenye kuwa na tofauti walikuwa 1,3 kwa 100. Musiogope ile hesabu. Kwa sehemu kubwa yao ile tofauti haikuwa na hatari. Mushipa unaweza kuzunguka nyuma ya aorta, ukafika kwenye unapaswa kufika, na mwenyewe akazeeka na wajukuu wake bila kujua kitu.

Hatari iko mu namna fulani, na ile namna ni chache. Mubaya kuliko ingine ni wakati mushipa wa kushoto unatoka upande wa kuume, kisha, ili ufike kushoto, unapita katikati ya mishipa miwili mikubwa, aorta na ule wenye unapeleka damu mu mapafu. Mara nyingi mulango wake hauko mviringo. Ni mwembamba sawa tundu ya kifungo cha shati. Unakunja kona kali, na kipande chake kinaweza kupita ndani ya ukuta wa aorta yenyewe. Mutu akipumuzika, damu inapita. Akikaza kazi, aorta inavimba na kujinyoosha kwa kila pigo, ile tundu inazidi kufunga, na nyama ya moyo inakosa damu saa ileile inaiomba zaidi. Moyo haulii. Unaanza kutetemeka bila mupango, damu haitoki tena, na mutu anaanguka sawa mwenye kukatiwa umeme.

Mutaniuliza: hii inahusu sisi, ao ni magonjwa ya Wazungu wenye kucheza mupira? Ninajibu na vijana wenye kazi yao inafanana na yetu. Jeshi la Marekani lilichunguza vifo vya gafula vya vijana wapya, wenye wanaanza mazoezi ya uaskari, tangu 1977 mpaka 2001. Walikuwa zaidi ya milioni 6, wa miaka 18 mpaka 35, na wote walipimwa na wanganga mbele ya kuingia. Wenye walikufa gafula bila kupigwa wala kuumizwa walikuwa 126. Kwa kila 100 ya vifo vile, 86 vilitokea mu kazi ya mwili: kukimbia, kubeba, kupandisha. Kwa 64 walipata shida ya moyo wazi. Na kwa 21 kati ya wale 64, ilikuwa ile niliyoeleza: mushipa wa kushoto wenye kutoka kuume na kupita katikati. Wote 21, namna ileile moja. Vijana wenye nguvu, wenye cheti cha munganga mu mufuko. Hakuna mujomba wao alibomolewa nyumba.

Na wenye kufikiri nguvu ya mwili inaonyesha moyo mwema, niwape mufano mwingine. Pete Maravich, Mwamerika wa basketi, alicheza miaka 10 ku NBA. Alipokuwa angali ku chuo kikuu, wastani wake ulikuwa pointi 44 kwa kila muchezo. Tarehe 5 Januari 1988, akiwa na miaka 40, alianguka kule Pasadena, California, katika muchezo wa kirafiki tu. Otopsi ikaonyesha kwamba alizaliwa bila mushipa wa moyo wa kushoto. Ule wa kuume peke yake ndio ulikuwa unalisha moyo muzima, na ulibeba kazi ya wawili miaka yote ile.

Wote tunamukumbuka pia Marc-Vivien Foé wa Kameruni, mwenye alianguka ku uwanja wa Lyon tarehe 26 Juni 2003, miaka 28. Hapa kwetu nilisikia mengi siku zile, na mengi yalikuwa ya bulozi. Yeye hakuwa na shida ya mishipa. Ilikuwa nyama ya moyo yenye kunenepa kupita kipimo. Otopsi ya kwanza haikuona sababu. Walifanya ya pili, na ile ikaona. Ni hapo ninataka kufika: kwa macho, ku uwanja, Foé na Maravich walianguka namna moja. Bila kufungua, hakuna mutu angejua kwamba ni mambo mawili tofauti. Na ile tofauti ni ya maana kwa wenye kubaki. Ule ugonjwa wa nyama kunenepa unafuata damu ya jamaa. Ndugu na watoto wa marehemu wanapaswa kupimwa. Mishipa yenye kutoka fasi mbaya, mara nyingi, haifuati jamaa. Mama mwenye kuzika mutoto na kubaki na wengine wane ana haki ya kujua alale usingizi gani.

Sasa nirudie kijana wetu. Miezi sita mbele ya kifo chake, alikuja kwangu ku dispansere. Akaniambia: «Papa, nilikuwa minapandisha na gunia, minasikia kifua inafunga, kisha sikujua tena. Nilijikuta chini, benzangu banamwanga mayi.» Nilimupima damu, presha ilikuwa sawa. Nilimupima malaria, hakukuwa. Nilimuuliza kama alikula asubuhi ile, akasema chai tu. Nilimuuliza juu ya lutuku, akacheka. Basi nikamupa vitamini, nikamwambia akule mbele ya kazi. Alirudi tena, mambo yaleyale. Safari hii alikuwa na haya usoni: «Papa, usiandike ile mambo mu kaye. Mwezi wenye kukuya minapita visite ku kampuni. Bakijua, habatanitwala.»

Sikuandika. Niliona ninamusaidia. Alipita visite, wakamupiga kachapa «apte», na akiwa anangojea barua ya kuanza kazi aliendelea kubeba magunia juu ya kula. Munajua yenye yalifuata.

Sijui kama ilikuwa mushipa. Hakuna mwenye aliomba otopsi, tulimuzika siku ya pili. Lakini neno moja nilipaswa kulisikia na sikulisikia: alizimia katikati ya kazi. Hakuzimia kisha kazi, hakuzimia kwa kusimama sana ku jua, hakuzimia kwa kuona damu. Kuzimia kwa kusimama sana ao kwa woga kunapatikana kwa watu wengi, na mara nyingi hakuui. Kuzimia mutu akiwa anakimbia, anachimba ao anapandisha na muzigo, kule ni kwingine kabisa. Vivyo hivyo kifua chenye kufunga mu kazi na kufunguka mu mapumuziko, kwa kijana wa miaka 20. Ongeza na swali la kwanza lenye kila munganga wa kazi angepaswa kuuliza: mu jamaa yenu, nani alikufa gafula angali kijana? Maswali haya hayaombi umeme wala mashine. Yanaomba dakika mbili na mutu mwenye kusikiliza.

Najua kampuni nyingi zitajibu kwamba wao wanapima. Ni kweli, Kode ya kazi ya 2002 inataka cheti cha munganga kwa mwenye anaingia kazi. Nilishika ile tampo mimi mwenyewe, ninajua namna tulikuwa tunapima: urefu, uzito, macho, presha, picha ya mapafu, basi. Hata wenye kufanya ECG, ile karatasi ya umeme wa moyo, wasijivune. Kwa shida ya mishipa ninayosema, ECG ya mutu mwenye kulala ku kitanda mara nyingi inatoka nzuri kabisa, kwa sababu saa ile mushipa haufungi. Kuona kwenye mushipa unatokea kunaomba ekografi ya moyo na munganga mwenye kuitafuta kwa makusudi, na zaidi skana ya mishipa ya moyo. Siombi skana kwa kila mutu. Haiwezekani hata kwa nchi tajiri. Ninaomba mwenye alijibu «ndiyo» kwa swali moja la yale matatu, kampuni imulipie ekografi mbele ya kumupa nyundo.

Na hapa ndipo mambo yote yanakwama. Mwenye anajibu «ndiyo» anajua atatoka bila kazi. Kwa hiyo wote wanajibu «hapana». Ule uongo tunaufundisha sisi wenyewe, na tampo yetu yenye maneno mawili tu, «apte» na «inapte». Kijana mwenye kuzimia anaweza kukaa ku kilo, ku magazini, ku kuchagua mawe, ku geti, na kupata mushahara uleule mpaka majibu yatoke. Kampuni yenye kulipa motere ya dumper haiwezi kukosa ile. Na ba-PDG wa mashimo, ninyi pia: mu ekipe yenu kuna mutu anaosha, mutu anapima, mutu anaandika. Muweke ule kijana pale, mumwachie fungu yake. Kwa shida ya mishipa, upasuaji uko; wanganga wanapanua ile tundu ao wanahamisha mwanzo wa mushipa. Hapa kwetu wachache sana watafika kule. Lakini kuacha gunia na nyundo ni dawa yenye kila mutu anaweza kufikia, na kwa ugonjwa wenye unaua mu kazi ya nguvu, ile si dawa ndogo.

Ba mama, munajua kitu chenye munganga hajui. Ninyi ndio mulimuona akianguka ku masomo akicheza mupira, na mwalimu akasema ni njaa. Ninyi bibi munasikia usiku akisema kifua kilimusumbua muchana. Musiinyamazie juu ya kazi. Ninasema hivyo na ninajua bei ya unga.

Jamaa wananiambia: otopsi ni kumukata marehemu mara ya pili, na nani atalipa? Juu ya kulipa ninakubaliana nao: kama alikufa ku kazi, mwenye kazi alipe, na kifungu hicho kiingie mu mapatano ya wafanyakazi na mu sheria za koperative. Juu ya kukata, niliona otopsi. Mwili unafungwa, unashonwa, unavalishwa, na watu wanalilia uso uleule. Kwa siku moja ya kungojea munapata jibu la kweli. Wengine wananiambia: ni kobalti tu, iko inatuua. Inaweza. Kule Quebec, Kanada, mwaka 1965 na 1966, wanywaji wa bia waliharibika moyo na wengine wakakufa, kwa sababu kiwanda kilikuwa kinatia kobalti mu bia ili povu isimame. Kobalti ikizidi inalegeza nyama ya moyo. Lakini mukitaka kushitaki kobalti, mutashitaki na nini? Na maneno ya matanga? Otopsi ndiyo itasema kama ni nyama, kama ni mushipa, kama ni sumu. Na ikisema hakukuwa kitu mu moyo, tutatafuta fasi ingine. Mufumu hajapata hata siku moja kusema «sikuona kitu».

Neno moja la haraka juu ya ile saa yenyewe. Mwenzenu akianguka inje na hapumui, ao anavuta pumzi moja moja ya kukoroma, hapana kumumwangia maji, hapana kumutia sukari mu kinywa. Mulalishe chali, mikono miwili katikati ya kifua, sukuma kwa nguvu mpaka kifua kishuke sentimetre 5, mara 100 mpaka 120 kwa dakika, mubadilishane mukichoka, na mumoja akimbilie gari. Ikiwa ni ndani ya shimo, kwanza mufikiri hewa. Wengi walikufa kwa kumufuata ndugu yao mu gazi.

Juma lililopita nilikwenda kumuona mama ya ule kijana. Muzee, ndugu yake, hajarudi. Wanasema anaishi kwa shemeji yake mbali na hapa. Nilimwambia mama mambo yote, na ya kaye pia. Alinyamaza muda murefu. Kisha mutoto wake wa pili akaingia, kijana wa miaka 19, vumbi ku nywele, anatoka kubeba. Nilimuuliza maswali yangu. Akacheka: «Papa, mimi sijaanguka hata siku moja.» Mama akamutazama. Akamuuliza: «Na siku ile ya ngazi ya kanisa?»

Tulipatana Alhamisi, saa mbili, mbele ya hospitali. Nitalipa mimi.